Wageni wa Sindano

Mjini Meppel, Uholanzi, mtu akisherehekea siku ya kuzaliwa, viti hupangwa duara sebuleni, na kila anayeingia huwapa wote mkono na kuwapongeza. Basi duara lilipangwa kwa Femmie pia, ingawa yeye alikuwa akimngoja daktari aje na sindano ya kumpumzisha moja kwa moja. Saratani ya mapafu ilikuwa imemla akabaki macho na ulimi, na sindano aliiomba mwenyewe.

"Hongera kwa mama mkwe wako," jirani akamwambia Marloes, mke wa mwanawe, kwa mazoea tu, kisha akaganda kama aliyemeza mfupa. Femmie alicheka mpaka akakohoa. Hilo ndilo neno pekee la maana alilolisikia asubuhi ile.

Kwani wengine? Kaka yake, Roelof, mzee wa kanisa, aliyekuwa hajakanyaga pale tangu mazishi ya mume wa Femmie, alikuja na Biblia kwapani. "Uhai ni wa Mungu, dada. Wa kuutwaa ni yeye tu."

"Na maumivu ni ya nani, mjomba?" Marloes akadakia, mdomo umejaa keki. "Mama anakufa kwa heshima. Mimi mpaka nimeomba ruhusa kazini."

"Heshima! Na nyumba mmeshaipiga picha za kuuzia?"

"Afadhali picha kuliko mahubiri ya mtu asiyejua hata mgonjwa anakunywa dawa gani!"

Wakarushiana maneno juu ya kichwa cha Femmie kama wachuuzi wanaogombea kuku, na kuku yuko papo hapo, miguu imefungwa, anasikia bei yake.

Daktari akafika, akainama, akauliza kama sheria inavyotaka: "Femmie, bado ndilo unalolitaka?"

Roelof akafumba macho. Marloes akatoa leso.

"Leo hapana."

"Bwana asifiwe!" Roelof akaruka.

"Kaa chini, wewe. Hujashinda kitu." Akamgeukia mkwewe. "Nawe rudisha leso, chozi lenyewe halijatoka." Kisha akamshika daktari mkono. "Nakitaka kifo changu vilevile kama jana. Ila sifi mbele ya hawa, mmoja akatangaze kanisani kuwa nimepotea, mwingine akajisifu kazini alivyonishika mkono. Njoo kesho. Na mlango asifunguliwe mtu."

"Lakini mama, keki yote hii..."

"Bebeni."

Nao, aibu hawana, wakabeba.