Ukuta wa Upande wa Jiko

Kalamu nyekundu ilipita juu ya mstari wa saba mara moja tu, bila kutetemeka, na shimo la kukagua msingi likafutwa kabla hata halijachimbwa. Mfamasia akaifunika kalamu, akajumlisha upya, akashusha pumzi. Dirisha kubwa sasa lilikuwa limeingia kwenye bajeti.

Usimdhanie mzembe. Huyu ni mwanamke aliyehesabu vidonge vya watu kwa miaka kumi na minane bila kukosea hata kimoja. Lakini jiko lile lilikuwa limemfika shingoni. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, iliyojengwa na babu wa mumewe kwa mawe na chokaa, yenye kuta nene na dari za juu, nyumba ambayo wapita njia husimama kuitazama. Ila walioijenga waliamini kwamba jiko ni mahali pa kuficha moshi na wanawake. Mkiwa wawili ndani, sharti mmoja atoke ili mwingine ageuke. Na ubavuni, kati ya ukuta na uzio, kulikuwa na ujia wa hatua nne usio na kazi, umejaa ndoo mbovu. Kuuingiza ujia ule ndani ya nyumba ilikuwa ndoto yake tangu alipoolewa.

Mchora ramani alileta makadirio ya kurasa mbili. Kuta, paa, zege, nyaya, mabomba, rangi, vyote vimo. Mstari wa saba ulitaka kichimbwe kishimo kando ya ukuta wa zamani, aje mhandisi aone msingi umekwenda chini kiasi gani. Jumla ilizidi uwezo wao. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alisoma ukurasa wa kwanza, akapiga miayo, akasema kazi yake yeye ni kuleta na kazi ya mkewe ni kupima, basi achague mwenyewe cha kupunguza. Kesho yake akaondoka na mzigo wa siku kadhaa.

Akapunguza. Vigae vya kifahari vikawa vya kawaida, rangi ya mikono mitatu ikawa ya mikono miwili. Dirisha hakuligusa. Alipofika mstari wa saba alijiuliza ni nani mwenye akili timamu anayelipia kutazama kitu kilichosimama karibu miaka mia bila kulalamika.

Aliyelalamika alikuwa mama mkwe. Chumba chake kilipakana na jiko, kwenye ukuta uleule, na tangu magoti yalipomgomea hakupanda tena ghorofani. Siku alipooneshwa ramani aliiweka mapajani, akaifuatisha kwa kidole, kisha akasema, "Upande huu uacheni. Jengeni nyuma." Alipoulizwa sababu, alisema basi tu. Mfamasia alitabasamu kwa adabu, na moyoni akasema mama ana wivu na jiko lake. Lilikuwa wazo baya juu ya mtu aliyemlelea watoto wake wote, na baadaye lilimkereketa kuliko mengine yote.

Fundi mkuu naye aliuliza, mara moja tu, kama msingi ulishakaguliwa. Mfamasia akamjibu kwamba ukuta ule haujawahi kuwa na tatizo. Haukuwa uongo, wala halikuwa jibu. Fundi alikuwa na vibarua sita waliosimama na sururu mikononi, wote wa malipo ya kutwa, kwa hiyo hakurudia swali. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana ukuta wa zamani hauchimbiwi ubavuni kwa mkupuo. Unafungua kipande cha hatua moja, unamwaga zege, unaruka, unafungua kingine mbele, ili ukuta usikose pa kukanyaga. Ni kazi ya wiki mbili. Wao walichimba mtaro mzima kwa siku moja, kutoka kona hadi kona, wakamaliza wakipongezana.

Asubuhi iliyofuata mlango wa jiko ulikataa kufunga. Fundi alisema ni unyevu. Saa nne lipu ya ukumbini ikaachia ufa mwembamba, upande ule ule. Mfamasia aliutazama kwa muda, akaenda kuchukua plasta ya kidonda, akaibandika katikati ya ufa na kuandika saa juu yake kwa kalamu. Kazini kwake kila kitu kilipimwa, na kilichopimwa kilikuwa nusu ya kilichotibiwa. Saa sita plasta ilikuwa imekazika kama kamba ya kuanikia nguo. Saa saba kasoro ikachanika, naye akamwita fundi.

Fundi aliteremka mtaroni na ufito wa chuma, akauchomeka chini ya ukuta. Uliingia wote. Jiwe la mwisho lilikuwa limeishia chini kiasi cha mkono hadi kiwiko tu, na chini yake hapakuwa na kitu ila vigae vilivyovunjika na udongo wa kumwagwa.

"Mama, huu ukuta hauna msingi," fundi alimwambia mfamasia taratibu. "Umekalishwa juu ya kifusi."

Akawatoa vibarua wote mtaroni. Akampigia simu mume, ambaye bahati nzuri alikuwa ameshaingia mjini, akamwomba apitie kwa wauza mbao alete nguzo za kuegemeza, tena upesi. Mfamasia hakungoja kusikia zaidi. Mama mkwe alikuwa chumbani, saa yake ya kupumzika.

Kitasa kiligeuka, mlango haukusogea. Alikuwa ameshautegea bega fundi alipomshika mkono. Alimwambia asisukume kabisa, kwa kuwa fremu imebanwa, na kwa sasa mlango huo ndio ulioishika linta, ile boriti ya juu yake. Dirisha la chumba nalo halifai, limo ndani ya ukuta wenyewe. Kilichobaki ni kungoja nguzo.

Mfamasia akaketi sakafuni.

"Mama, umeamka?"

"Sikulala. Nimesikia yote."

Akamwomba asogee kona ya ndani, nyuma ya kabati, mbali na ukuta. Akasikia mkongojo ukigonga pole pole, kisha kiti kikiburutwa. Alitaka kusema maneno ya kumtuliza, lakini lililomtoka halikuwa la kutuliza.

"Mama, makadirio yalitaka msingi ukaguliwe. Nilifuta mimi. Kwa ajili ya dirisha."

Kitu kikalia ukutani, sauti fupi kavu, kisha kikaacha.

"Upande huo haukujengwa na babu yenu," mama mkwe alisema hatimaye. "Aliujenga marehemu mume wangu, nikiwa na mimba ya mumeo. Fedha za mawe ya chini zilimwishia. Akaanzia juujuu, akaniambia amechimba hadi kifuani. Nami nilikuwa juu dirishani, namtazama."

"Hukumwambia?"

"Alikufa akidhani sijui."

Mfamasia alipandwa na hasira. Sentensi moja tu, siku ile ya ramani, na mtaro usingechimbwa. Miaka yote hiyo wageni wameambiwa kwamba kila jiwe ni la babu, na mama ameitikia kwa kichwa. Halafu hasira ikamrudia mwenyewe, akaona haya. Yeye alikuwa na siku ngapi za kumwambia mumewe habari za mstari wa saba?

Lori likanguruma getini. Alimsikia mumewe akishusha mbao kwa pupa, akimuuliza fundi ni nani aliyesema msingi usikaguliwe, na fundi akimung'unya maneno kwamba yeye aliambiwa ukuta ni mzima. Kisha mume akaingia ukumbini, nguzo begani, jasho likimtoka, akarudia swali.

"Nilikataza mimi, mwanangu," sauti ikatoka chumbani, tulivu, ya mtu aliyeizoea kazi ya kuwasitiri wenzake. "Nilisema sitaki watu wachimbechimbe ubavuni kwangu."

Mume akaishusha nguzo. Akatikisa kichwa, kama wana wanavyowatikisia mama zao, na ghadhabu yake ikaanza kupata pa kutua. Mfamasia hakuhitaji kufanya lolote, ila kunyamaza. Vumbi la chokaa likamwagika kutoka juu ya mlango, likamwangukia mikononi.

"Si yeye," alisema. "Mstari wa saba niliufuta mimi."