Viganja vya Fundi

Kila Jumatatu saa moja asubuhi, binti wa fundi alichukua kutoka kantini ya chuo ndoo ya mafuta yaliyochoka kukaanga viazi, akayachuja kwa mguu wa suruali ya marehemu baba yake. Hakuna kitambaa kilichochuja vizuri kama ile suruali.

Gari la chuo alikuwa amelirekebisha baba litumie mafuta hayo. Liliwashwa kwa dizeli. Maji ya moto ya injini yakapasha tangi la pili, na mafuta ya viazi yakishakuwa mepesi, dereva aligeuza koki injini iyanywe. Dakika mbili kabla ya kuzima alirudi kwenye dizeli, mabomba yasafike. Kibao mlangoni mwa gari kilisema: Ubunifu wa Mkuu wa Chuo. Binti, ambaye sasa ndiye dereva, alikwishaandika barua mbili kuomba jina la baba liwekwe. Hakujibiwa.

Jumatatu ya wageni wa kuja kulitazama, gari likagoma. Jana yake Mkuu aliliendesha mwenyewe, na usiku wa baridi mafuta yakaganda mabombani kama samli.

"Ulirudisha dizeli kabla ya kuzima?" binti akamuuliza.

"Kurudisha nini?"

Saa nne baba yake akaja, kama kila Jumatatu tangu azikwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani kaligandisha?"

"Aliyelibuni."

Mzee alicheka hadi akakohoa.

"Chai, mzee?" mpishi akaita dirishani.

"Baadaye, mama. Kazi kwanza."

Akajilaza chini ya gari, akalifumbata bomba. Viganja vile binti alivishika siku ya msiba vikiwa baridi. Leo havikushikika kwa moto. Mafuta yakalegea.

Wageni wakafika. "Huyo chini ni nani?" mmoja akauliza.

"Fundi wetu," Mkuu akasema. "Alifariki mwezi wa tatu."

"Poleni," mgeni akasema, akapiga picha kibao.

Binti alizungusha gari uwanja mzima, moshi ukinukia viazi, baba kando yake kiwiko dirishani, kidevu juu. Mpishi akagonga sufuria kwa mwiko, karakana nzima ikasimama kwa heshima. Mkuu akapunga mkono.

Walipokaribia kusimama, mzee akanyanyua kidole kukumbusha. Koki ilikuwa imeshageuzwa.

"Ee, huyu nimemzaa mimi," akasema, akashuka kwenda kunywa chai yake.

Alasiri Mkuu alikabidhiwa na wageni kibao cha pili, kikubwa zaidi. Binti ndiye aliyeagizwa kukifunga. Alikifunga kwa spana ya baba, akazikaza skrubu zote nne vizuri, kwa sababu kwao kazi haifanywi nusu.