Benchi la Kumi na Mbili

Haya ni kweli tupu, na atakayenishika na uongo hata mmoja nitambebea benchi la kanisa kichwani mpaka aniambie nitue.

Mama Funguo, mfagiaji wa kanisa, alisimama mbele ya nyumba ya fundi cherehani, jasho likimchuruzika. Asubuhi hiyo alifuta vumbi mabenchi kumi na moja. La kumi na mbili, lililoazimwa wakati wa msiba, lilikuwa hapa barazani. Mzee wa kanisa alishamwambia: lisiporudi kabla ya Jumapili, aache funguo mezani.

Juu ya benchi alilala fundi mwenyewe, ambaye miguu yake ilikufa ganzi tangu mvua zianze.

"Umelifuata," fundi alisema.

"Nimelifuata, shemeji."

"Haya, chukua. Ndani nilichoka kuhesabu mabati. Hapa angalau nahesabu suruali zinazopita. Mwone yule mwenye ndoo! Pindo lake limeshonwa na adui."

Mama Funguo akacheka, huku ameshika ncha ya benchi. Akaiachia. Akatoa kitambaa chake, akafuta vumbi kandokando ya miguu ya fundi, akaondoka mikono mitupu.

Jumapili, mzee wa kanisa alikuta mahali pake pa siku zote ni sakafu tupu. Alisimama ibada nzima, goti likimuuma.

"Mama, benchi langu liko wapi?"

"Liko kazini, baba." Akaweka funguo mezani.

"Kazi gani? Twende nikaione."

Walipofika, fundi aliisogeza miguu yake kwa mikono, akampisha mgeni. Mzee akaketi.

"Koti lako bega moja limepanda," fundi alisema. "Mwaka wa sita huu nakuona unapita nalo."

"Na hukuniambia?"

"Hukuwahi kukaa."

Mzee akavua koti. Fundi akaitisha sindano. Jioni funguo zilirudi kiunoni kwa Mama Funguo, na wiki iliyofuata mabenchi yote yakatoka, kila moja kwa mgonjwa wake, mchungaji akawahubiria watu waliosimama wima kama mahindi shambani.

"Yote?" Mama Funguo aliuliza nilipomsomea mpaka hapa. "Yalitoka mawili, wewe mwongo! Mawili! La tatu ndilo hili, na bibi wa kisimani analisubiri. Inama nikutwike."

Basi nimeinama. Ni zito kuliko nilivyosimulia. Yeye ametangulia, kitambaa begani, na kule mwisho wa njia kuna mlango umeshafunguliwa nusu.