Mbegu Zilizolazwa Tumboni

"Eti ni kweli, Mama Kiprugut, unalala na mbegu tumboni?"

Swali hilo Eucabeth, jirani wa mlango wa pili, alilitupa kisimani mbele ya wanawake wote wa laini ya wafanyakazi wa shamba la pareto. Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Chepkemei hakuinamisha uso.

"Ni kweli. Baridi ya Dundori hii, kitu cha pwani kitaotaje bila joto la mtu?"

Mbegu zenyewe aliletewa kutoka Mombasa na marehemu mumewe, mtu wa reli. Zilikuwa za kanna, nyeusi, ngumu kama risasi. "Natamani ulione ua lake," alimwambia, "jekundu kama kaa la moto." Hakuishi kulionyesha.

Mara ya kwanza Chepkemei alizifukia kama maharagwe, hata moja haikutoka. Akaomba, akafikiri, akajaribu tena. Alisugua kila mbegu kwenye jiwe la kusagia mpaka weupe ukachungulia, akazilaza kwenye maji ya uvuguvugu, kisha akazifunga kwa kitambaa chenye unyevu na kukizungusha tumboni chini ya gauni. Siku ya tisa moja ikapasuka, nyingine zikafuata. Akazihamishia kwenye mikebe sita ya maziwa, akaizika nusu ndani ya rundo la mavi ya ng'ombe, maana rundo likichacha huwa na moto wake. Juu akafunika vipande vya kioo. Alitaka jambo moja tu: zichanue mbele ya altare mwezi wa Januari, padri atakapopanda kutoka Nakuru kusoma misa ya kumbukumbu ya mumewe.

Ya kisimani hayakai kisimani. Jumapili ya pili ya Majilio, Kimaiyo katekista alisimama kanisani mbele ya watu, mikebe ya Chepkemei, aliyoagiza iletwe, ikiwa imepangwa miguuni pake. Majani yalikuwa yamefika magotini, na mmea mmoja ulikwisha toa kichwa cha ua.

"Mjane anayebeba mbegu mahali pa mimba," alisema, "akazilisha mavi, anamletea Bwana nini? Hizi ni uchafu. Zikatupwe."

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Eucabeth akatazama vidole vyake vya miguu. Chepkemei alinyamaza, maana alifundishwa kumtii katekista. Lakini macho hayakufundishwa kufumba. Alimwona Kimaiyo akiibeba mikebe miwili miwili, si kuelekea shimo la taka, bali kwenye nyumba kubwa ya bwana mwenye shamba.

Krismasi ikapita, Kimaiyo akawa na koti. La sufu, vifungo vya ngozi, la bwana mwenyewe. Alilivaa hata jua la saa sita, jasho likimchuruzika shingoni. Mpishi wa nyumba kubwa akasimulia: memsabu, mke wa bwana, alimshukuru katekista kwa maua aliyoyaotesha kwa mikono yake mwenyewe. Chepkemei aliposikia, akausukuma ugali kando. Tangu siku hiyo, kila Kimaiyo alipoinua mikono kuombea watu, Chepkemei alitazama ile mikono ya koti badala ya kufumba macho.

Wiki moja kabla ya misa, Kimaiyo akamwita Chepkemei nyumbani kwake. Eucabeth, ambaye aibu ilikuwa imemkalia tangu Jumapili ile kanisani, akamsindikiza.

Mezani palikuwa na mkebe mmoja. Majani yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa ikasahauliwa, yakitoa harufu ya kitambaa kilicholala kwenye ndoo. Koti lilikuwa limetundikwa ukutani.

"Memsabu aliyaweka nje barazani," Kimaiyo alisema, "umande wa barafu ukayapiga. Mikebe mitano ameshatupa. Sasa anataka nimwoteshee mengine, na mimi..." Akacheka kidogo. Kichwa chake kilinuka mafuta ya kondoo. "Mama, sisi ni wa kanisa moja. Nifundishe ile njia."

"Njia ipi, Mwalimu?"

"Ile ya joto."

"Tumbo si unalo, Mwalimu," Eucabeth akadakia. "Tena kubwa kuliko la huyu."

Kimaiyo akamsogelea Chepkemei, sauti ikawa laini kama ya maungamo. "Ukinisaidia, Jumapili nitawaambia watu Mungu amenionyesha kwamba maua yale yametakaswa. Utaleta yako altareni. Si ndivyo ulivyotaka?"

Chepkemei akamtazama. Kumbe hata Mungu kwake alikuwa tambara la kufutia meza. Akili ilimwambia akubali, mumewe apate ua lake hata mwaka ujao. Tumbo, palepale mbegu zilipolala, lilikataa.

Alipitisha kidole katika ule uozo, chini mpaka kwenye udongo. Akagusa shina lililojificha: gumu, nono kama tangawizi. Lilikuwa hai. Likikatwa majani na kurudishwa kwenye joto la samadi, lingechipua. Hilo hakulisema.

Akakifuta kidole kwenye mkono wa lile koti, polepole, pande zote mbili. Akaukumbatia mkebe tumboni.

"Mama Kiprugut! Huo mkebe ni wa memsabu!"

Chepkemei alikwisha vuka kizingiti, akishika njia ya rundo lake la samadi.