Tao la Katikati

Aikaeli alianza kumshuku Theodory siku alipoukuta ukuta mtupu.

Jumba la Matao, pale Moshi mjini, lilijengwa kwa awamu. Wajerumani walilianza kwa mawe meusi, Waingereza wakaongeza ghorofa, na mwaka sabini na nne mafundi wa mlimani wakajenga matao matatu ya barazani. Siku hizi chini kuna makumbusho ya kahawa, juu makumbusho ya mlima, na chumba kimoja kilikuwa kinaandaliwa kueleza jinsi jumba lenyewe lilivyojengwa. Kwa ajili ya chumba hicho Theodory, mtunzaji wa makumbusho, alipanda hadi Machame kuazima picha ya marehemu Ebenezeri, mume wa Aikaeli, amesimama chini ya tao la katikati, mwiko mkononi. Aliahidi kuitundika, na jina la fundi chini yake. Kwa mjane wa miezi saba, ilikuwa kama mumewe amepewa kaburi la pili, ambalo watu wa mjini wangelisoma.

Sasa ameshuka kuiona, na haipo.

"Shikamoo, bibi. Bado tunahakiki," alisema Theodory, macho yakiwa sakafuni.

"Marahaba. Mnahakiki nini? Mume wangu hakuwa mgeni hapa."

"Tuvumilie kidogo tu, bibi."

Mezani palikuwa na kadi ya maelezo iliyofunikwa kwa gazeti. Aikaeli alilisogeza gazeti kabla hajazuiwa. *Tao la katikati: Sylvanus, fundi wa Kibosho.*

"Huyu Sylvanus ni nani kwako?"

"Ni babu yangu," alisema Theodory.

Aikaeli alitoka nje, akayatazama matao. Ya pembeni yalikuwa ya mawe matupu, lakini la katikati lilikuwa limepigwa plasta. Mbona hilo peke yake ndilo limefichwa uso?

Nyumbani alimsimulia wifi yake, Elifuraha, aliyekuwa akimenya ndizi.

"Kwani wifi ulitegemea nini?" Elifuraha alicheka. "Mkibosho amsifu Mmachame? Ng'ombe wake atazaa mbuzi kwanza!"

Aikaeli hakucheka. Wiki nzima yalimzunguka kichwani: picha iliyochukuliwa, kadi iliyofunikwa, tao lililopakwa. Mtu amemwibia marehemu kazi yake ili ampe babu yake.

Jumamosi, Elifuraha akiwepo, Theodory akaja nyumbani mwenyewe, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Anayekuja na isale anaomba msamaha, na Mchagga hawezi kumfukuza. Lakini shaka ya Aikaeli ilizidi. Asiye na kosa huleta isale ya nini?

"Nimepokea," alisema. "Haya, taja ulichoiba."

"Sijaiba, bibi. Nimekuficha jambo." Akatoa barua aliyoichomoa kwenye faili la jumba.

Aikaeli aliutambua mwandiko kabla ya kusoma neno, ule wa K zenye mguu mrefu.

*Tao la katikati limeanguka kwa kosa langu. Niliharakishwa kwa ajili ya mgeni wa ufunguzi, nikatoa mbao za kulishikilia kabla saruji haijakaza. Namshukuru Mungu halikuua mtu. Naomba Sylvanus alijenge upya, maana ni fundi kunishinda. Ebenezeri.*

"Picha ile ilipigwa siku moja kabla halijaanguka; plasta ni ya babu, alipolijenga upya," Theodory alisema. "Sikujua nikuambieje, na msiba bado mbichi."

Miaka yote Ebenezeri alipita mtaa wa nyuma ili asikatize mbele ya jumba lile, na mkewe alidhani ni unyenyekevu. Aikaeli aliitafuta hasira yake ya wiki nzima, akakosa pa kuiweka.

"Choma hiyo karatasi, wifi," Elifuraha alinong'ona. "Nani atajua?"

"Ukitaka, bibi, barua itarudi kwenye faili," Theodory alisema. "Nitaandika tu 'mafundi wa mlimani.'"

Aikaeli aliisoma tena, polepole.

"Elifuraha, katika wanaume wote wa mlima huu, umewahi kumsikia mmoja akisema 'kwa kosa langu'?"

"Mimi? Hata kaka yangu sikumsikia."

"Basi huyu aliandika." Akamgeukia Theodory. "Itundike picha. Na barua iwe kando yake, ukutani, watu waisome. Babu yako mwandike kwa herufi zinazolingana na za mume wangu. Nitakuja na futi kupima."