Kiganja Juu ya Mdomo wa Tangi

"Leo usimimine," alisema dereva, na kiganja chake kikabaki palepale, kimeufunika mdomo wa tangi kama mtu anayemziba mtoto kinywa mbele ya wageni.

Shemeji yake alisimama na chupa mkononi, kizibo kimekwisha kufunguliwa, na ile harufu kali, kama ya mlango uliopakwa rangi jana, ikawazunguka wote wawili. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa dereva, mwanamume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi likakakamaa kama bahasha. Kwa miaka kadhaa sasa aliishi kwa kuuza dawa ya mafuta, kioevu cha buluu ambacho, kwa maneno ya lebo yake, kilipunguza ulaji wa petroli na kuusafisha moshi. Kwenye kituo cha teksi walimwita Daktari. Dereva mwenyewe walimwita Mama Breki, kwa sababu alianza kupunguza mwendo kabla wengine hawajaiona sababu.

"Shemeji," alisema Daktari kwa upole, "leo ni siku ya kumimina chupa nzima, si siku ya kususa."

"Sijasusa."

"Basi hicho kiganja kinafanya nini hapo?"

Dereva alicheka kidogo, lakini hakukiondoa.

Juma lililopita gari lake lilikuwa limeanguka kwenye ukaguzi wa moshi. Leo lilipaswa kurudi kupimwa, na likishindwa tena lingevuliwa kile kibao cha njano cha teksi kilichokaa juu ya paa. Pamoja na kibao ingekwenda kazi ya kuwapeleka hospitalini wauguzi wa zamu ya asubuhi, kazi iliyomshika mkono tangu alipofiwa na ambayo, kwa mshangao wake mwenyewe, alitokea kuipenda. Alipenda ukimya wa barabara kabla haijachangamka, na jinsi wauguzi walivyosinzia nyuma yake bila wasiwasi, vichwa vyao vikiegemeana.

Msimu wote wa mvua Daktari alikuwa safarini, akiipeleka dawa yake miji ya mbali. Hakumsahau. Kila mwezi alimtumia chupa kwa basi, kama alivyomletea kwa mkono tangu baada ya mazishi, wala hakutaka kusikia habari ya malipo. "Nikupokee hela wewe?" alizoea kusema. "Kaka atafufuka anichape." Dereva alizimimina chupa zile kwa uaminifu wa mgonjwa anayekunywa dawa yake kwa saa. Hata hivyo gari lilizidi kulewa petroli. Likaanza kupiga chafya kwenye vilima, na moshi ukawa mzito na mweusi, mpaka wauguzi wakajifunza kuzunguka mbele ili sare zao zisichafuke. Alipoona hivyo, akaongeza kipimo.

Daktari alirejea jana jioni, akasikia, na asubuhi hii alibisha hodi hata chai haijachemka. Hakuigusa chupa kwanza. Alifanya kama alivyofanya siku zote kabla ya safari zile: alikunja mikono ya shati, akafungua boneti, akaitoa filta ya hewa na kuigonga kwenye nguzo ya kibaraza.

"Mgonjwa huyu hajaoga siku nyingi," alisema, akikohoa ndani ya wingu la vumbi lililomtokea.

Dereva alisimama mlangoni na kikombe chake, akitazama. Daktari aliipuliza filta mpaka mashavu yakamvimba. Alizifungua plagi, akazisugua masizi kwa brashi ya waya. Akaishika bisibisi ndogo na kuirekebisha kabureta kwa sikio, kichwa ameinamisha upande, kama anayesikiliza mtu mwenye aibu ya kusema. Akayajaza matairi upepo kwa pampu ya mguu. Mwishowe alilitoa kwenye buti ya gari sanduku la chuma la zana za marehemu, zito kama jiwe la kusagia, akaliweka kibarazani. Kila mara alilitoa, na kila mara, akisha kuondoka, dereva alilirudisha kimyakimya, kwa sababu alipenda kulisikia likigongagonga nyuma yake barabarani.

Kikombe kilikuwa kimepoa mkononi mwake alipolielewa alilokuwa akilitazama. Ndipo Daktari alipofungua kizibo, naye akaja upesi na kuweka kiganja chake pale.

"Chupa zako zilifika zote," alimwambia sasa. "Nimezimimina mpaka tone la mwisho. Kitu ambacho hakikuja kwa basi ni wewe."

Daktari aliitazama chupa, kisha filta, kisha chupa tena.

"Unasema dawa haifanyi kazi."

"Sijasema. Nataka kujua. Wale madereva pale kituoni wameinunua kwa sababu ya mdomo wangu."

"Na likianguka tena? Kibao kile ndiyo sahani yako ya chakula, shemeji. Tumimine leo, ujue kesho."

"Nikimimina leo sitajua kamwe."

Daktari alikirudisha kizibo na kukikaza polepole.

"Kaka naye alikuwa na ubishi huuhuu."

"Alijifunzia wapi, unadhani?"

Waliliacha sanduku kibarazani.

Kwenye banda la ukaguzi foleni ilikuwa imefika barabarani. Mkaguzi, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani yake kwa kamba ya viatu, aliuchomeka mpira wa kipimo ndani ya bomba la moshi, akarudi kwenye kioo cha mashine yake.

"Kanyaga, mama. Shikilia hapohapo."

Dereva alikanyaga. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Daktari ameegemea ukuta, mkono juu ya mfuko, ameishikilia chupa yake kupitia kitambaa cha suruali. Tarakimu zilipanda, zikasitasita, zikapanda tena. Kisha zikaanza kushuka, na zikaendelea kushuka.

"Achia." Mkaguzi aliipandisha miwani. "Limepita, tena kwa nafasi kubwa. Juma lile lilinifukuza humu ndani kwa moshi. Mmeliwekea nini?"

Dereva aliona kwamba jibu hilo halikuwa lake. Madereva wa kwenye foleni walikuwa wamerefusha shingo. Wengi wao walimjua Daktari, na tangazo la biashara lililo bora kuliko hilo asingelipata maishani.

"Hakuna kilichowekwa," alisema Daktari. "Kuna vilivyotolewa. Vumbi na masizi."

Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali. "Zipo dawa zinazosafisha kidogo, sikatai. Ila sijaona bado dawa inayojua kupuliza filta."

Nje ya banda dereva alisimamisha gari, akashuka. Alikuwa amekusudia kusema mengi: kwamba miaka yote hii aliishukuru chupa, na shukrani yake ikampita kando mtu aliyepiga magoti kwenye matairi yake. Lakini Daktari alikuwa akizitazama kucha zake zenye masizi kwa aibu kama ya kijana, na maneno yakapungua.

"Asante, shemeji," alisema. "Ya leo, na ya siku zile zote."

"Sasa nitauza nini?" aliuliza Daktari, nusu akicheka.

Kabla hajajibiwa, mwenye pikapu iliyokuwa ikitoa moshi karibu na mwisho wa foleni alitoa kichwa dirishani.

"Daktari, niponye bwana. Nipe moja kabla zamu yangu haijafika."

Daktari aliitoa chupa mfukoni. Aliiinua kwa muda mbele ya jua, kisha akaiweka juu ya paa la teksi, kando ya kibao cha njano, akaanza kukunja mikono ya shati.

"Zima injini," alimwambia yule mtu, akimwendea. "Nifungulie boneti kwanza."

Dereva naye alizima yake, ili amngoje. Juu ya paa jua lilipenya ndani ya chupa, na doa la buluu likatua juu ya rangi iliyochakaa ya gari, likitetemeka kidogo, kisha likatulia.