Moshi wa Makongoro

Lori la Makongoro lilijulikana kabla halijafika. Wanawake wa Butiama wakiona wingu jeusi upande wa Nyamuswa, walikimbilia kamba zao na kuanua nguo, huku wakisema maneno ambayo ni heri mwenye lori hakuyasikia. Mwaka huo wa themanini na saba sabuni ndiyo kwanza ilikuwa imerudi madukani. Mtu aliyeikosa miaka yote ile hakutaka kuipoteza kwa masizi ya mwenzake.

Makongoro hakuona aibu. Madereva wote wa pamba walifanya vivyo hivyo. Mlima ukikaza, unatoa spana namba kumi, unafungua skrubu ya pampu ya dizeli nusu mzunguko, injini inamwagiwa mafuta na nguvu inarudi, moshi nao juu yake. Siku ya ukaguzi unaikaza, moshi unakata, unapewa stika, na ukishaipita kona unaifungua tena. Spana hiyo haikutoka mfukoni mwake hata siku ya kwenda kanisani.

Lakini mkaguzi wa Bunda, Afande Ryoba, alikuwa amechoka kufanywa mjinga. Alitangaza kwamba safari hii malori yatakaguliwa yakiwa na mizigo yake, yakipanda ule mwinuko wa Manyamanyama, na yeye atasimama juu na kitambaa cheupe. Ukifungua skrubu, unatoa moshi. Ukiikaza, hupandi. Lori la Makongoro lilikuwa limeshakataliwa mara mbili, na ya tatu ilikuwa kung'olewa namba.

Na pamba ya majirani ilikuwa imejaa kwenye ghala la kijiji, ghala lenye paa linalovuja, mawingu yakianza kukusanyika upande wa ziwa. Makongoro alikuwa amewaahidi kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mvua haitaikuta pale. Ahadi ni deni, na hilo lilimnyima raha ya kula.

Basi akapanda lori lake na mkewe Boke mpaka Musoma, kwa fundi Florian wa Kigera, mtu wa pampu. Walimkuta chini ya lori la watu, kichwa amekilaza juu ya tofali.

"Unataka nguvu au unataka stika?" Florian aliuliza bila kutoka.

"Vyote viwili, fundi."

"Haya. Wenzako wanachaguaga kimoja."

Aliitoa pampu, akaifunga mezani, akaweka vichupa sita vya penisilini, kila kimoja chini ya bomba lake, akaanza kuizungusha kwa mkono. Makongoro alitazama dizeli ikidondoka. Kichupa cha nne kilifurika. Cha pili hakikufika hata nusu.

"Umeona?" Florian alisema. "Hawa ni watoto sita. Mmoja anavimbiwa, mwingine analala njaa. Wewe kila mlima unaongeza ugali kwenye sinia, na anayekula ni yule yule. Ndio huo moshi wako."

Alishinda na kazi hiyo mpaka mchana, akipima, akimwaga, akipima tena, hadi vichupa vyote vikalingana. Kisha akavipandisha vyote kwa pamoja, kidogo tu, kiasi cha unene wa ukucha. Alipoirudisha pampu kwenye injini aliwageukia Makongoro, Boke na wale wapiga soga wawili waliokuwa wamekaa kwenye magurudumu. "Nendeni mkanywe chai. Wote. Mnanizibia mwanga."

Waliporudi, skrubu ilikuwa imefungwa waya na kupigwa lakiri ya risasi, ili atakayeigusa ajulikane. Injini ilinguruma kwa wepesi ambao Makongoro alikuwa ameusahau. Florian akampa kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi.

"Usikifungue mpaka upite kwa Ryoba. Na skrubu hiyo usiiguse."

Siku ya ukaguzi walipakia pamba mpaka kamba zikalia, majirani wakapanda juu ya mzigo. Chini ya mwinuko wa Manyamanyama Makongoro alipunguza mwendo. Alisimamisha lori, akapapasa mfukoni, kisha kwenye kiti.

"Mama Gati, spana yangu iko wapi?" alimuuliza Boke.

"Nimeikalia."

"Inuka, niifungue skrubu kidogo tu."

"Fundi alisemaje? Endesha gari, baba."

Akaendesha, akimwomba Mungu kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Lori likapanda. Halikukohoa, halikuomba gia ya kwanza, lilipanda tu na mzigo wake wote. Afande Ryoba akaweka kitambaa kwenye ekzosi, akaamuru mafuta yakanyagwe mara tatu. Kitambaa kilitoka na doa la kijivu, dogo kuliko la mtu aliyejifuta vumbi usoni. Hakuamini. Akafungua boneti kutafuta skrubu iliyochezewa, akaikuta lakiri. Akabandika stika.

Kwenye foleni ya mizani ya kiwanda cha pamba, majirani wakishangilia huko nyuma juu ya marobota, Makongoro alifungua kifurushi. Ndani mlikuwa na pamba. Nyeusi, nzito kwa mafuta na vumbi, donge la kujaa viganja viwili.

Akakumbuka. Mwaka wa themanini na tatu filta za hewa hazikupatikana popote, naye alichota pamba shambani kwake akaisokomeza kwenye filta kwa mkono huu huu, iwe ya siku mbili. Miaka minne injini ilikuwa imezibwa pua, naye anaishindilia mafuta na kuitukana pampu. Florian aliliona hilo siku ile, na badala ya kumcheka mbele ya mkewe na wale wapiga soga, akawatuma wote kunywa chai, akaitoa peke yake.

Makongoro alishukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Angeweza kulitupa donge lile mtaroni, nani angejua? Akashuka, akawaonyesha majirani wote. "Jamani, iliyokuwa inawachafulia nguo zenu ni hii. Niliiweka mimi." Walicheka mpaka karani wa mizani akatoka kuona kuna nini. Mvua ilinyesha siku ya nne, ghala likiwa tupu.

Walipopita Kigera tena, Boke alishuka na mto mpya alioushona na kuujaza pamba ya daraja la kwanza, nyeupe. Florian aliubonyeza huku na huku.

"Hii nayo mmeitoa kwenye filta?"

Kisha akalisukuma tofali pembeni kwa mguu, akauweka mto chini ya lori, akajilaza.

"Fundi!" Boke alilalamika. "Huo ni wa kitandani!"

"Mama, kitandani mimi nalalaga saa ngapi?" sauti ilijibu kutoka chini. "Nipe hiyo spana ya mzee wako. Hapa naihitaji, na yeye haihitaji tena."

Makongoro akaitoa mfukoni, akampa.